Tathmini ya sanduku la vielelezo vya fuwele za arsenidi: kasoro iko kwenye tufe la zambarau

Sanduku ninalolieleza hapa lilinifikia Mtwara mwezi wa Machi kwa basi la kutoka Dar es Salaam, likiwa limezungushiwa mkanda wa gundi pande zote, na kwa miezi mitano sasa limekuwa likifunguliwa kila Jumamosi na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wa klabu ya kemia ninayoisimamia. Ni sanduku la vielelezo vya fuwele za arsenidi, yaani kampaundi ambazo ndani yake arseniki imeungana na metali. Nililinunua kwenye duka la mtandaoni kwa shilingi 190,000, na usafirishaji ukanigharimu shilingi 12,000 nyingine. Nimelitumia vya kutosha kuweza kulisifu panapostahili sifa na kulilaumu panapostahili lawama, na lawama yangu kubwa inahusu kitu kidogo sana kwa kukitazama: matundu ya tufe la zambarau.

Ndani ya sanduku mna matufe 36 ya kijivu yenye matundu sita, ambayo yanasimama badala ya atomu za metali, na 24 ya rangi ya chungwa yenye matundu manne, ambayo pia yanasimama badala ya metali. Matufe ya zambarau yanasimama badala ya arseniki, na yako ya aina mbili: 36 yenye matundu sita na 48 yenye matundu manne. Mna vijiti 220 vya plastiki inayopinda kidogo bila kuvunjika, matufe makubwa machache yasiyo na tundu lolote, na kijitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa Kiingereza. Plastiki ni ngumu, rangi haichuji kwa jasho la mikono, na vijiti vinaingia kwenye matundu kwa kukaza vizuri. Katika miezi yote hii tumevunja vijiti viwili tu, na matundu hayajalegea. Kwa ubora wa utengenezaji sina neno.

Huenda mtu akauliza kwa nini tutumie plastiki badala ya kuwaonyesha wanafunzi sampuli ya madini yenyewe. Arsenidi si kitu cha kukiweka mezani kwenye maabara ya shule. Baadhi zikikutana na asidi hutoa arsini, gesi yenye sumu kali, na vumbi lake halifai kuvutwa. Tena, hata ukiwa na kipande cha madini mkononi, huwezi kuona atomu zilivyojipanga ndani yake. Kwa hiyo kielelezo ndicho kitu pekee ambacho mwanafunzi wa Mtwara atakishika, na kikiwa na kosa, kosa hilo ndilo atakaloondoka nalo kichwani. Ndiyo sababu ninalitazama sanduku hili kwa jicho kali.

Nianze na ukurasa wa arsenidi ya galiamu, ambao sanduku linautendea haki kabisa. Katika fuwele hii kila galiamu imezungukwa na arseniki nne, na kila arseniki imezungukwa na galiamu nne, kwa pembe za nyuzi 109.5, kama ilivyo kaboni ndani ya almasi. Umbali kati ya galiamu na arseniki ni pikomita 245 (pikomita moja ni sehemu moja ya trilioni ya mita), na upande wa seli ya msingi, yaani ule mchemraba mdogo unaojirudia fuwele nzima, ni pikomita 565. Matufe ya chungwa na yale ya zambarau yenye matundu manne yanatosha kuijenga, na kikundi cha wanafunzi watatu huimaliza kwa dakika ishirini. Pana jambo moja ambalo kijitabu kimelipita kimya na ambalo wanafunzi wangu waligundua wenyewe. Mchoro wa seli unaonyesha matufe 18, yaani arseniki nane za pembeni, sita za katikati ya nyuso, na galiamu nne za ndani, lakini ukijenga kwa vijiti 16 unavyoelekezwa, arseniki nne za pembeni zinabaki bila kijiti hata kimoja, kwa sababu majirani wao wako kwenye seli za jirani. Binti mmoja alishika tufe la nne mkononi akitafuta pa kulichomeka, akakosa. Tukakaa nalo hilo nusu saa, tukahesabu pamoja kwamba tufe la pembeni linagawanywa na seli nane na la usoni na seli mbili, tukapata arseniki nne kwa galiamu nne. Lilikuwa somo zuri, lakini mwalimu asiye na uzoefu angedhani sanduku limekuja na upungufu.

Kwa wanaotaka kuona faida ya fuwele hii nyumbani, taa ndogo isiyoonekana kwa macho iliyo mbele ya rimoti ya televisheni imetengenezwa kwa arsenidi ya galiamu au kwa kampaundi za jamii yake. Arsenidi ya alumini ina muundo uleule, na upande wa seli yake ni pikomita 566, hivyo tabaka la moja hukaa juu ya tabaka la nyingine karibu bila kuvutana. Kazi ya kupandisha matabaka ya namna hiyo ndiyo iliyowapatia Zhores Alferov na Herbert Kroemer Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2000. Kijitabu kina sentensi moja tu juu ya hilo, na naona inatosha.

Sasa nije kwenye arsenidi ya nikeli, ambayo ndiyo iliyonifanya ninunue sanduku, na ambayo picha yake imechapwa juu ya kifuniko. Madini haya yana rangi nyekundu kama shaba, na wachimbaji wa zamani wa Ujerumani waliyayeyusha wakitafuta shaba wasiipate, wakamlaumu pepo mtundu waliyemwita Nickel. Mwaka 1751 Msweden Axel Fredrik Cronstedt alitoa metali mpya kutoka kwenye mawe ya namna hiyo, na jina la pepo likabaki kuwa jina la metali. Mpangilio wa atomu zake ulikuja kufumbuliwa mwaka 1923 na Msweden mwingine, Gregori Aminoff, mtu aliyekuwa pia mchoraji na aliyewahi kujifunza uchoraji kwa Henri Matisse kule Ufaransa. Muundo huo ni mama wa miundo mingi, na ndiyo maana vitabu vya kemia ya hali mango huutaja kwa jina lake kama tunavyotaja muundo wa chumvi ya mezani.

Mpangilio wenyewe uko hivi. Arseniki zimelazwa tabaka juu ya tabaka kwa zamu mbili: tabaka la pili limekaa kwenye vibonde vya la kwanza, na la tatu limerudi sawasawa juu ya la kwanza. Nikeli zimejaza kila nafasi iliyo kati ya arseniki sita. Kwa hiyo kila nikeli imezungukwa na arseniki tatu juu na tatu chini, na zile za chini zimekaa kwenye mianya ya zile za juu. Arseniki nayo imezungukwa na nikeli sita, tatu juu na tatu chini, lakini hapa za chini ziko chini kabisa ya za juu, moja kwa moja, kama pembe za ule mche wa pembetatu tunaouchora darasani. Majirani ni sita huku na sita kule, ila wamejipanga kwa namna mbili tofauti.

Sanduku halijui tofauti hiyo. Tufe la zambarau lenye matundu sita limetobolewa sawa na tufe la kijivu, matundu ya chini yakiwa kwenye mianya ya yale ya juu, na kila pembe ikiwa nyuzi 90. Tulifuata kijitabu hatua kwa hatua, tukajenga kwa uangalifu, na kilichosimama mezani kilikuwa mchemraba safi wa chumvi ya mezani. Tulibomoa, tukaanza upya, tukapata chumvi tena. Hakuna namna nyingine, kwa sababu matufe ya aina zote mbili yakiwa na matundu ya nyuzi 90, muundo unaotoka ni huohuo daima. Picha ya kifuniko ni sahihi na maelezo ya kijitabu ni sahihi, lakini vifaa vilivyomo ndani haviwezi kuijenga ile picha. Niliwaandikia wauzaji mara mbili. Jibu nililopata ni kwamba matundu sita ni matundu sita.

Nilibeba tufe moja la kijivu na moja la zambarau hadi Mikindani, kwa mzee mmoja wa Kimakonde anayechonga vinyago na kukereza fimbo na bakuli za mpingo. Nilimweleza kwa maneno mengi, naye akaniacha nimalize. Kisha alichomeka vijiti sita kwenye tufe la zambarau, akalitazama kwa juu, akaona ncha sita zimeenea kama nyota.

“Mwalimu,” akasema, “wewe unataka ukitazama kwa juu uone ncha tatu tu. Za chini zijifiche.”

Ndivyo ilivyo hasa. Tofauti kati ya tufe la chumvi na tufe la arsenidi ya nikeli ni kuzungusha matundu matatu ya chini kwa nyuzi 60, na mtu aliyezoea kuzungusha kipande cha mti mkononi aliiona kabla sijafungua daftari langu.

Nilimpa vipimo nilivyovipiga kutokana na fuwele yenyewe. Upande wa seli ni pikomita 362, kimo chake ni 503, na umbali wa nikeli hadi arseniki ni 244, hivyo kila tundu linatakiwa kuinuka au kushuka nyuzi 31 kutoka kwenye kiuno cha tufe, na matatu ya kila upande yaachane kwa nyuzi 120. Alikereza matufe ya mpingo yenye kipenyo cha milimita 25 kutoka kwenye masalia ya fimbo, akaliweka la kwanza kwenye jiliwa, akatoboa kwa keekee yenye ncha ya milimita 5 hadi kina cha milimita 8, sawa na matundu ya matufe ya plastiki. Tufe hilo la kwanza liliharibika. Tundu la juu na la chini yake zimeachana kwa nyuzi 62 tu, na kwa kina cha milimita 8 yalikutana ndani, vijiti vikawa vinacheza. Akapunguza kina hadi milimita 6, na mengine yote yakakaza. Alinitengenezea matufe 16 kwa shilingi 24,000, akayapiga msasa hadi yakang'aa, na lile lililoharibika hakulihesabu.

Jumamosi iliyofuata arsenidi ya nikeli ilisimama. Nikeli za kijivu, arseniki nyeusi za mpingo, na ukiitazama kwa juu unaona pembesita, huku nikeli zikiwa zimepangana mstari mmoja kwenda chini, moja ikiificha nyingine. Mistari hiyo ndiyo siri ya muundo huu. Umbali wa nikeli hadi nikeli kwenye mstari ni nusu ya kimo cha seli, yaani pikomita 251 hivi, na ndani ya metali ya nikeli yenyewe umbali ni 249. Atomu za metali ziko karibu kana kwamba hazijaungana na arseniki kabisa, na kampaundi hii ina mng'ao wa metali na hupitisha umeme kama metali. Katika chumvi ya mezani hakuna mistari ya namna hiyo. Mwanafunzi aliyejengewa chumvi akaambiwa ni arsenidi ya nikeli amenyimwa jambo lenyewe.

Nasisitiza hilo kwa sababu muundo huu unatuhusu watu wa huku. Kilima cha Ntaka, wilayani Nachingwea, mkoani Lindi, kina nikeli, nayo iko katika madini ya salfaidi, ambamo nikeli imeungana na salfa, ileile ambayo wakulima wetu huipuliza kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Nikeli hiyo haiko katika arsenidi, lakini madini ya nikeli ya aina hiyo kwa kawaida huambatana na pirotaiti, salfaidi ya chuma yenye upungufu wa chuma, na muundo wa pirotaiti umetokana na huu wa arsenidi ya nikeli, ukiwa na nafasi kadhaa za metali zilizo tupu. Tulichomoa matufe mawili ya kijivu kwenye kielelezo chetu, na wanafunzi wakaona namna fuwele inavyoweza kukosa atomu na bado ikasimama.

Arsenidi ya manganisi ina ukurasa wake, nao unategemea matufe hayohayo, hivyo bila mpingo hauna kazi. Ni hasara, kwa kuwa ni kampaundi ya kusisimua. Kwenye joto la kawaida ina muundo wa arsenidi ya nikeli na huvutwa na sumaku, lakini ikipashwa moto, kwenye nyuzi 40 na kitu za Selsiasi, juu kidogo ya joto la mwili wa mgonjwa mwenye homa kali, usumaku huo hupotea ghafla na pembesita hupinda kidogo ikapoteza ulinganifu wake. Ikiendelea kupashwa hadi kwenye nyuzi 125 hivi, pembesita hurudi. Vijiti vinavyopinda vinaruhusu kuonyesha kupinda huko kwa kusukuma kielelezo na kiganja.

Arsenidi ya platini, ambamo arseniki hutembea mbili mbili zikiwa zimeshikana, inajengeka bila tatizo kwa matufe ya matundu manne, kwa sababu kila arseniki hushika platini tatu na arseniki mwenziwe mmoja. Sina zaidi la kusema juu yake.

Ukurasa ninaoupenda kuliko zote ni wa skuterudaiti, arsenidi ya kobalti yenye arseniki tatu kwa kila kobalti moja, iliyopewa jina la Skutterud huko Norway na kufumbuliwa muundo wake na Ivar Oftedal mwaka 1928. Hapa kobalti zimejipanga kama pembe za michemraba midogo, na ndani ya michemraba sita kati ya kila minane mna pete ya arseniki nne, karibu mraba kamili lakini imerefuka kidogo upande mmoja. Miwili inabaki mitupu. Ulitumaliza alasiri nzima: matufe 24 ya zambarau, vijiti 72, na matufe 25 ya kijivu. Kijitabu kinasema 27, lakini pembe mbili za mwisho, moja kila ncha ya mchemraba mkubwa, ni za michemraba mitupu peke yake, na hakuna arseniki ya kuzishika. Matundu ya nyuzi 109.5 yanalazimishwa kufunga pete ya nyuzi 90, na hapo ndipo niliposhukuru kwamba vijiti vinapinda. Kielelezo kikikamilika unaweza kuingiza kidole kwenye chumba kitupu na kukizungusha. Wanakemia wamejifunza kuweka atomu kubwa kwenye vyumba vya namna hiyo, katika ndugu za skuterudaiti, ili itikisike humo na kuzuia joto lisipite huku umeme ukiendelea kupita. Ukishaingiza kidole chako mwenyewe humo ndani, maelezo hayo hayahitaji kurudiwa.

Kurasa za mwisho ni za arsenidi za chuma, zile ambazo mwaka 2008 kundi la Hideo Hosono nchini Japani lilizionyesha kupitisha umeme bila ukinzani wowote kwenye kelvini 26. Mwaka huohuo ndugu yao mwenye bariamu, aliyepunguziwa bariamu na kuongezewa potasiamu, alifika kelvini 38, yaani nyuzi 235 chini ya sifuri ya Selsiasi. Chuma kimezungukwa na arseniki nne, na matufe ya chungwa yanafaa kabisa. Lakini arseniki katika tabaka hilo imekaa kileleni, chuma zote nne zikiwa upande wake mmoja, kama tufe lililowekwa juu ya kigoda cha miguu minne. Matundu manne ya tufe la zambarau yametazama pande zote nne za dunia. Ni kosa lilelile kwa mara ya pili: mtengenezaji alijiuliza metali imezungukwaje, akaipa arseniki matundu yatakayobaki. Arseniki katika kampaundi hizi ina tabia tano, ikiwa na majirani wanne pande zote, au sita kwa umbo la mche, au imeshikana na mwenziwe, au iko ndani ya pete, au iko kileleni, na sanduku linaloitwa la arsenidi lilipaswa kuanzia kwake.

Kwa shilingi 190,000, ningemshauri mwalimu mwenzangu alinunue ikiwa anataka arsenidi ya galiamu, ya platini na skuterudaiti, kwa kuwa hizo tatu peke yake zinafundishia muhula mzima. Anayelinunua kwa sababu ya picha ya kifuniko atenge pia fedha za mchongaji, na ampelekee vipimo nilivyovitaja hapo juu, kina cha milimita 6 kikiwa cha kwanza.

Ukurasa wa bariamu sisi bado hatujaujenga. Bariamu inazungukwa na arseniki nane, na matufe makubwa ya sandukuni hayana tundu, yanatakiwa yawekwe tu kati ya matabaka na yanabingirika kila meza inapoguswa. Mzee wa Mikindani ameshauona mchoro wa matundu manane na wa arseniki ya kileleni, akaniambia nimrudie korosho zikishauzwa, kwa sababu hadi wakati huo yuko shambani.